Ngeli za Safu: Kubainisha Aina za Data za Kijiografia katika Majedwali ya Matini Tupu

Mtu akisema "ndege ameanguka", msikilizaji hufikiria kiumbe mwenye mbawa. Akisema "ndege imeanguka", hufikiria chombo cha kusafiria. Nomino yenyewe haikubadilika hata kwa herufi moja. Kilichobainisha maana ni upatanisho wa kisarufi. Makala haya yanakusudia kueleza tatizo linalofanana na hilo katika uwanja ambao wanaisimu wa lahaja hawana budi kuuingia, nao ni uchoraji wa ramani kwa tarakilishi. Hoja yetu ni kwamba kubainisha aina ya kila safu ya data ni sehemu ya utafiti wenyewe, wala si kazi ya kuachiwa fundi au mashine.

1. Jedwali lisilo na upatanisho

Jedwali la matini tupu ni faili ambamo kila mstari ni rekodi moja, na thamani za rekodi hiyo hutenganishwa kwa alama ya mkato. Faili za namna hii hujulikana kwa kiambishi csv, na kanuni zake za kawaida ziliandikwa mwaka 2005 katika waraka uitwao RFC 4180. Sifa yake kuu ni wepesi: husomeka kwa programu yoyote, na huweza kudumu hata programu iliyoliunda ikisahaulika. Tuchukue mfano mdogo:

kaunti,mahali,neno,longitudo,latitudo
005,Lamu,ndia,40.90,-2.27
001,Mombasa,ndia,39.67,-4.05
,Mji wa Unguja,njia,39.19,-6.16

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba jedwali linahusu mpaka wa kifonolojia kati ya Kiamu na Kimvita kwa upande mmoja, na Kiunguja kwa upande wa pili. Tarakilishi haioni hivyo. Kwake, yaliyomo ni herufi, tarakimu na mikato tu. Wala alama za kunukuu hazisaidii, kwa kuwa katika kanuni tulizozitaja kazi yake ni kuihifadhi thamani yenye mkato ndani yake, si kutangaza kwamba thamani hiyo ni neno.

2. Madhara ya kukisia

Programu isipoelezwa aina ya safu, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huichukua kila safu kuwa mfuatano wa herufi, ama hukisia kwa kutazama yaliyomo. Njia zote mbili zina hasara.

Katika njia ya kwanza, nambari hupoteza uwezo wake wa kuhesabika. Zikipangwa kama maneno katika kamusi, 100 hutangulia 20, kwa sababu 1 hutangulia 2. Wastani hautafutiki, na latitudo iliyochukuliwa kuwa neno haiwezi kuchorwa.

Katika njia ya pili, hasara hujificha. Nambari za kaunti za Kenya huandikwa kwa tarakimu tatu, kuanzia 001 ya Mombasa hadi 047 ya Nairobi. Programu inayokisia huona 005, ikaifanya nambari kamili, na Lamu ikabaki na 5. Baadaye mtafiti akijaribu kuliunganisha jedwali lake na ramani ya kaunti yenye 005, rekodi hazipatani, na Lamu hutoweka katika matokeo bila onyo lolote. Kosa ni la kudhani kwamba kila kilichoandikwa kwa tarakimu ni idadi. Nambari ya kaunti ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna ajumlishaye Lamu na Mombasa akapata 006.

Wanajenetiki walilipata funzo hili kwa gharama kubwa. Majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 yaligeuzwa kuwa tarehe na programu za majedwali mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2020 kamati inayosimamia istilahi hizo ilitangaza kuwa majina hayo yamebadilishwa. Taaluma nzima ikabadili istilahi zake ili kuikwepa tabia ya mashine.

3. Faili ya aina

Njia mojawapo ya kuondoa ukisiaji ni kuambatisha faili ya pili yenye jina lile lile, ila kiambishi chake ni csvt. Ikiwa data imo katika lahaja.csv, maelezo ya aina huwekwa katika lahaja.csvt. Faili hii ina mstari mmoja tu, unaotaja aina za safu kwa kufuata mpangilio wake. Kwa jedwali letu, mstari huo ungekuwa:

"String","String","String","Real","Real"

Neno la kwanza humaanisha mfuatano wa herufi, na la mwisho nambari yenye desimali. Yapo pia "Integer" kwa nambari kamili, "Date" kwa tarehe, "Time" kwa saa, na "DateTime" kwa tarehe na saa pamoja. Utaratibu huu hufuatwa na maktaba ya GDAL, iliyoanzishwa mwaka 1998, na pia na programu ya QGIS, ambazo zote hupatikana bila malipo.

Ni muhimu kukumbuka kwamba faili ya aina hufuata nafasi ya safu, si jina lake. Mtafiti akiingiza safu mpya katikati ya jedwali bila kuurekebisha mstari huu, kila aina inayofuata huangukia safu isiyo yake.

4. Mipaka ya aina

Hata hivyo, aina hutawala umbo, haitawali maana. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili ng'ambo, niliwahi kuchora ramani ya lahaja ambamo pwani yote ya Waswahili ilihamia Uhispania. Mombasa iliangukia jirani na Toledo, na Lamu kaskazini mashariki ya Madrid. Safu zote mbili zilikuwa za desimali ipasavyo, lakini nilikuwa nimeibadilisha longitudo na latitudo. Alama ya kutoa nayo ikidondoka katika -2.27, Lamu huhamia bara, kaskazini mashariki mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Somalia.

Nafasi tupu nayo si sifuri. Mji wa Unguja hauna nambari ya kaunti kwa kuwa haumo nchini Kenya. Ukimya huo ni habari kamili. Mahali pasipojulikana viwianishi vyake pakijazwa sifuri mbili, nukta huchorwa baharini, katika Ghuba ya Guinea.

Tarehe 3/4/1978 ni ya Aprili kwa wengine na ya Machi kwa wengine. Heri iandikwe 1978-04-03. Na msimulizi akisema alirekodiwa saa mbili asubuhi, mtafiti akaandika 02:00, safu ya saa itaikubali thamani hiyo bila kusita, ilhali iliyokusudiwa ni 08:00. Vivyo hivyo, viwianishi vilivyosomwa katika ramani za zamani zinazofuata mfumo wa Arc 1960 hutofautiana kwa mamia ya mita na vile vya WGS 84 vitumiwavyo na vipokezi vya setilaiti. Aina ya safu haitaji mfumo huo. Hauna budi kuandikwa kando.

5. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba aina ya safu hufanya kazi inayokaribiana na ya ngeli: huamua ni matendo gani yanayoruhusiwa kwa thamani iliyomo. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na asiyejua data ilipatikana vipi. Tunapendekeza basi kwamba kila mkusanyo wa lahaja unaowekwa katika maktaba za idara zetu uambatane na faili ya aina pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo kwa lugha ya kawaida, ukitaja maana ya kila safu, mfumo wa viwianishi, na sababu ya kila nafasi iliyoachwa tupu. Wazee wengi tuliowarekodi hawatapatikana tena kuulizwa walikuwa wanatoka kijiji gani. Jibu lao limo katika jedwali, na litabaki kuwa jibu iwapo tu tutakuwa tumeeleza namna ya kulisoma.