Bei Isiyobadilika na Deni la Nishati Nyumbani

Bei isiyobadilika ni bei ya uniti moja ya umeme au gesi inayobaki ileile kwa muda uliowekwa. Kinachofungwa ni bei ya uniti, si jumla ya ankara. Matumizi yakiongezeka, malipo nayo huongezeka.

Kwa mfano, Malvern, mtaa wa mashariki mwa Johannesburg unaopitiwa na barabara ya Jules, umo katika jiji ambalo sehemu yake kubwa husambaziwa umeme na shirika la City Power. Bei za manispaa huidhinishwa na mdhibiti wa nishati, NERSA, na mpya huanza kila tarehe 1 Julai, katikati ya majira ya baridi, wakati majiko na hita hutumika zaidi. Julai 2024, wateja wengi wa nyumbani wa City Power wanaolipia umeme kabla ya kuutumia waliongezewa tozo ya randi 230 kwa mwezi, kodi ikiwemo, hata asiyetumia uniti nyingi.

Hata hivyo, deni la ghafla hasa humpata anayelipa baada ya kutumia. Mita isiposomwa, ankara huandikwa kwa makadirio. Yakiwa madogo kuliko matumizi halisi, tofauti yote hudaiwa mita inaposomwa. Gesi ya bomba yenye mita ina hatari hiyohiyo. Gesi ya mtungi haiachi deni la mita, ila bei yake ya juu kabisa hupangwa upya na serikali kila mwezi.

Kinga ni kuisoma mita kila mwezi, kulinganisha namba na ankara, na kupinga makadirio mapema.