Mzigo wa Baiskeli Ukae Wapi?

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Kampala, wachukuzi wa baiskeli huwa wamekwisha kuianza safari ya kuleta matoke, makaa na maziwa mjini. Abiria wengi wa mjini wamehamia kwenye pikipiki, lakini neno bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya keria ya baiskeli, huko mpakani Busia katika miaka ya 1960, na mkungu wa matoke haujaiacha baiskeli hata leo. Katika nyumba nyingi, zikiwamo za askari, baiskeli ndiyo inayoleta dumu la maji la lita 20, gunia la mahindi, na mtoto anayerudi kutoka shuleni.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kwamba baiskeli haiangushwi na wingi wa mzigo peke yake. Aghalabu huangushwa na mahali mzigo ulipokaa.

Na tumchukue mtu mwenye kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20. Katika kilo hizo 85, gurudumu la nyuma hubeba karibu sehemu 6 katika kila 10, na la mbele hubakiwa na kilo 34 hivi. Sasa afunge kilo 60 za matoke kwenye keria, na uzito wake uangukie sentimita 20 nyuma ya ekseli. Mzigo hugeuka kuwa kama mtarimbo: hulishindilia gurudumu la nyuma na papo hapo huliinua la mbele. Ikiwa toka ekseli hadi ekseli ni sentimita 110, gurudumu la mbele hupungukiwa na kilo 11, zimebaki 23. Akifika kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, uzito hurudi nyuma tena, na gurudumu la mbele huweza kubakiwa na kilo 10 tu.

Gurudumu la namna hiyo haliongozi kitu. Usukani hugeuka lakini baiskeli haigeuki, na kokoto moja hutosha kulirusha kando, huku lori likipiga honi nyuma. Si ajabu basi kwamba wachukuzi wazoefu hushuka wafikapo kwenye vilima vya mji huu, wakasukuma kwa miguu, mkono mmoja usukanini na mwingine mzigoni. Yule anayeng'ang'ania kupanda akiwa ameketi hafanyi ushujaa wowote. Hata hivyo, mzigo uleule ukisogezwa mbele mpaka ukae juu ya ekseli, zile kilo 11 hurudi kwenye gurudumu la mbele, wala hakuna senti iliyotumika.

Wanajeshi wanaujua mfano wa Dien Bien Phu, huko Vietnam, mwaka 1954. Wachukuzi walipitisha kilo 200 na zaidi kwa baiskeli moja katika njia za milimani. Hakuna aliyepanda. Mzigo ulifungwa pande zote mbili za fremu, katikati ya magurudumu, na usukani ukaongezewa mti wa mwanzi ili msukumaji atembee kando akiuongoza.

Je, mzigo ukae juu au chini? Hapa jibu si jepesi kama inavyodhaniwa. Baiskeli inayosukumwa polepole ikiinama kidogo, mzigo ulio mita 1.2 juu ya ardhi husogea kando zaidi ya mara mbili ya ule ulio nusu mita, na mikono ya msukumaji ndiyo inayolipa. Ndiyo maana chukudu ya Goma, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hubeba magunia juu ya ubao ulio karibu na ardhi. Lakini katika mwendo mambo hugeuka. Ufagio mrefu husimamishwa kiganjani kwa urahisi kuliko kalamu, kwa kuwa huanguka taratibu na kumpa mtu nafasi ya kuurekebisha.

Hayo yaliwakuta watengenezaji wa baiskeli za kulalia, ambazo mpandaji hujinyoosha chali, miguu mbele. Mwaka 1933 Francis Faure, akiwa juu ya baiskeli ya namna hiyo iliyobuniwa na Mfaransa Charles Mochet, alikwenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja na kuivunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata aina hiyo ikapigwa marufuku katika mashindano. Mbio ilikuwa nazo kwa kuwa iliupisha upepo. Lakini aliye chini hivyo huhitaji usukani mwepesi wa kujibu, kwani huanguka upesi kama ile kalamu. Tena ikiwa ndefu mno, na mpandaji yuko nyuma, gurudumu la mbele huteleza mchangani, sawasawa na la mchukuzi wa matoke.

Upande nao una hesabu yake. Dumu moja la lita 20 likining'inizwa kulia bila mwenziwe kushoto, baiskeli hulazimika kwenda imeinama. Abiria anayekaa kiupande akisogea ghafla huleta balaa hilohilo. Na mzigo uliolegea ni mbaya kuliko mzito, maana hucheza kwa mwendo wake wenyewe mpaka usukani unatetemeka. Heri kukaza kwa vipande vya mpira wa ndani. Kwa mtoto, kabla ya yote, miguu izuiwe isiingie kwenye spoki.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mwenye baiskeli na asimame kando yake, ashike katikati ya usukani na kuuinua. Gurudumu la mbele likinyanyuka kwa vidole viwili, kamba zifunguliwe na mzigo usogezwe mbele.