Wasiwasi Juu ya Jirani Anayelea Watoto Nyumbani: Nini Kifanyike, na Kwa Nani



Kila alfajiri katika miji kama Busia, Malaba na Mutukula, akina mama wengi huvuka mpaka wakiwa na vikapu vya samaki, marobota ya mitumba na magunia ya nafaka. Wengi wao wana watoto wadogo ambao hawajafikia umri wa kuanza shule. Ndiyo maana mitaa mingi ina mama mmoja, aghalabu mtu mzima anayeaminika, anayewapokea watoto hao asubuhi na kuwarudisha kwa wazazi wao jioni kwa malipo madogo. Wengine huiita nyumba hiyo dei-kea. Wengine husema tu kwamba mtoto yuko kwa nyanya. Bila nyumba hizo biashara ya mpakani ingewashinda akina mama wengi. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Pamoja na faida hiyo, nyumba hizo huzusha maswali miongoni mwa majirani. Mwenye duka analalamika kwamba kelele za watoto hazimpi nafasi ya kupumzika. Mpangaji wa chumba cha pili anasikia kilio kisichokoma. Mwingine hajaona lolote, lakini amesikia mtaani kwamba mama huyo "anauza watoto ng'ambo". Mambo hayo matatu hayafanani, na kila moja lina mlango wake. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuyatenganisha, ili mtoto aliye hatarini asikose msaada, na mlezi asiye na kosa asiharibiwe jina lake.

Aina tatu za wasiwasi

Aina ya kwanza ni kero. Hapa tunazungumzia kelele, taka zinazotupwa uchochoroni, maji machafu yanayopita mlangoni mwa jirani, au bodaboda zinazoziba njia wakati wazazi wanapoleta watoto. Kero inaudhi, lakini si jinai. Mlango wake wa kwanza ni jirani mwenyewe. Wa pili ni mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1.

Aina ya pili ni mazingira yasiyo salama. Mlezi hana nia mbaya, lakini watoto wamezidi uwezo wake. Mtu mmoja akiwa na watoto kumi na wanane, hawezi kumtazama kila mmoja. Angalia kama sigiri yenye makaa inawaka ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, kwa maana moshi wa makaa huua bila kuonekana wala kunuka. Angalia kama pipa au beseni la maji limeachwa wazi, kwa kuwa mtoto mchanga anaweza kuzama katika maji ya kina kifupi sana. Angalia kama mlango hufungwa kwa kufuli kutoka nje mlezi anapokwenda sokoni. Moto ukizuka, watoto hao hawana pa kutokea. Jambo jingine ni watoto kunyweshwa dawa ya mafua au ya kikohozi ili walale mchana kutwa. Dawa hizo si chakula cha usingizi. Zinaweza kuzuia pumzi ya mtoto mdogo.

Katika aina hii, watu wa kwanza wanaostahili kuambiwa ni wazazi wa watoto wenyewe. Wao ndio wenye haki ya kuamua kama mtoto aendelee kukaa hapo. Baada yao ni uongozi wa kijiji. Kwa utaratibu wa halmashauri zetu, makamu mwenyekiti wa LC1 ndiye katibu wa masuala ya watoto, na ni kazi yake kufika, kuona na kushauri. Jambo likimshinda, hulipeleka kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Pale nyumba inapojitangaza kuwa shule ya chekechea, ofisi ya elimu ya wilaya nayo inapaswa kuarifiwa.

Aina ya tatu ni madhara kwa mtoto: kupigwa hadi kuumizwa, kunyimwa chakula kwa makusudi, kunajisiwa, kutumikishwa, kutoweka au kusafirishwa. Hapa mlango ni mmoja: polisi, na mara moja. Usianze kwa kumkabili mtuhumiwa. Mahali penye mpaka, mtoto anaweza kuhamishiwa upande wa pili kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuitisha kikao cha kijiji. Ukimshtua mhusika kabla ya kutuarifu, huenda tukakuta nyumba tupu.

Sema ulichokiona

Upo msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Msemo huo unafaa barazani, ila haufai katika kesi ya jinai. Tunapopokea taarifa, swali letu la kwanza ni hili: wewe mwenyewe umeona nini, umesikia nini, siku gani, saa ngapi?

Tuchukue mfano. Mtu anafika kituoni na kusema, "Yule mama ni mgeni, hatujui kwao, na watoto hawafanani naye." Katika maneno hayo hakuna hata tendo moja. Ugeni si kosa, na watoto wanaolelewa kwa malipo hawawezi kufanana na mlezi. Mwingine anafika na kusema, "Tangu Jumatatu nimemwona mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu. Hakuna mzazi aliyekuja kumchukua jioni kwa siku nne. Jana usiku walikuja watu wawili kwa gari, nikamsikia akilia." Huyu ametupa siku, umri na matendo. Tunaweza kuanza kazi usiku huohuo.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu maeneo ya mpakani yana watu wa lugha na mataifa mengi, na chuki dhidi ya mgeni hujificha kwa urahisi ndani ya maneno ya huruma kwa watoto. Uvumi kwamba mtu fulani anaiba watoto unaweza kukusanya umati katika muda mfupi, na umati hauulizi maswali. Kujichukulia sheria mkononi ni jinai. Vilevile ni kosa kumpa afisa wa umma taarifa ambayo mtoaji anajua kuwa ni ya uongo. Lakini asiogope mtu aliyetoa taarifa kwa nia njema, hata uchunguzi ukionyesha kwamba hapakuwa na tatizo. Kuona dalili na kuzisema si uongo.

Pia tunawasihi msisambaze picha ya mtoto au ya mlezi katika makundi ya WhatsApp. Picha hiyo humfuata mtoto maisha yake yote, humwonya mhalifu, na humhukumu mlezi kabla ya kusikilizwa.

Namna ya kuzungumza na jirani

Kwa kero na mapungufu madogo, mazungumzo ya heshima humaliza mengi. Nenda wakati watoto wamekwisha kuchukuliwa. Piga hodi, salimia, keti. Usiende na kundi la watu, kwa sababu kundi humfanya mtu ajitetee badala ya kusikiliza. Taja jambo moja unaloliona, kisha toa msaada unaouweza. Kwa mfano: "Mama, jana nilimkuta mtoto mmoja barabarani malori yakipita. Nina mabanzi yaliyobaki nilipojenga. Kijana wangu anaweza kuja kesho akakutengenezea lango." Maneno kama hayo yanamlinda mtoto, na yanauhifadhi ujirani.

Mlezi akikataa kusikia, rudi mara nyingine pamoja na katibu wa watoto wa kijiji. Hatua hiyo isichukuliwe kuwa ni uadui.

Mtoto akikuambia kitu

Huenda mtoto mwenyewe akakueleza, au ukaona alama mwilini mwake. Watoto huanguka wakichezacheza, na michubuko ya magoti na ya mbele ya miguu ni ya kawaida. Alama mgongoni, mapajani, masikioni, au zenye umbo la fimbo, mkanda au meno, zinahitaji maelezo. Mtoto anayekuwa na hofu ghafla kila apelekwapo nyumba hiyo naye asipuuzwe.

Msikilize kwa utulivu. Mwambie kwamba amefanya vema kusema. Usimuulize maswali mengi, wala usimtajie majibu, kwa kuwa maelezo yake ya kwanza yatahitajika na maafisa waliofunzwa kazi hiyo. Kama inashukiwa kwamba amenajisiwa, asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe kituo cha afya haraka iwezekanavyo, maana dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, maarufu kama PF3, hutolewa bure.

Hapa ni lazima tuseme wazi: unajisi haumalizwi kwa mbuzi, kwa fedha wala kwa kikao cha wazee. Mahakama ya kijiji haina mamlaka juu ya kosa hilo. Anayepokea malipo ili kesi ifichwe anamuuza mtoto mara ya pili.

Ukifika kituoni

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 34 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa. Sheria ya Watoto, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inamlinda kila mtu aliye chini ya miaka 18 dhidi ya ukatili. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009 inahusu watoto wanaochukuliwa kwa ajili ya kutumikishwa au kunyonywa.

Ufikapo kituoni, omba kumwona afisa wa Kitengo cha Ulinzi wa Watoto na Familia, au afisa wa uhusiano wa jamii. Kutoa taarifa ni bure. Hakikisha maelezo yako yameandikwa katika kitabu cha matukio, kisha uchukue namba yake ya kumbukumbu, ile mnayoiita SD. Namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kufuatilia. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe mbele ya jirani.

Baada ya hapo, maafisa wetu hufika kwenye nyumba husika, mara nyingi wakiwa na afisa wa probesheni na kiongozi wa kijiji. Kama watoto wako salama, mlezi hupewa ushauri. Kama kuna hatari, watoto hurudishwa kwa wazazi wao. Na pale mzazi asipopatikana, suala hufikishwa mbele ya Mahakama ya Familia na Watoto. Jirani hana mamlaka ya kuvunja mlango na kuwatoa watoto, isipokuwa pale maisha yao yanapokuwa hatarini wakati huohuo, kama vile moto unapowaka.

Mtoto hana mpaka

Wengi wenu mnaishi upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine. Kumbukeni namba moja, 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Namba hiyohiyo inatumika Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa hatari inayotokea sasa hivi hapa Uganda, piga 999.

Kwa upande wa Kenya, mnaweza kumwendea chifu, wazee wa Nyumba Kumi au afisa wa watoto. Kwa upande wa Tanzania, nendeni serikali ya kijiji au ya mtaa, ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ikiwa tukio limeanzia ng'ambo, msisite kutuarifu sisi kwa kuhofia kwamba halituhusu. Tutapokea maelezo yenu na kuwasiliana na wenzetu wa upande wa pili.

Neno kwa mlezi na mzazi

Mama unayelea watoto wa wenzio, jitambulishe kwa LC1 kabla majirani hawajaanza kuuliza. Weka daftari: jina la mtoto, jina la mzazi, namba ya simu, saa ya kuja, saa ya kuondoka, na jina la anayeruhusiwa kumchukua. Usimpe mtoto dawa bila idhini ya mzazi. Mzazi akichelewa ng'ambo hadi usiku na simu yake haipatikani, mwarifu katibu wa watoto au kituo cha polisi usiku huo. Daftari hilo na taarifa hiyo vitakukinga dhidi ya tuhuma kuliko maneno elfu.

Nawe mzazi, usimwache mtoto mahali ambapo hujawahi kuingia hadi ndani. Tazama mahali wanapolala, choo, na jiko. Siku moja moja, pitia saa usiyotarajiwa. Na jirani yako akikuletea habari asiyoweza kuitaja bila haya, msikilize kwanza kabla ya kukasirika. Huenda yeye ndiye macho pekee yaliyobaki kwa mwanao ulipokuwa upande wa pili wa mpaka.