Fahamu: Picha za WordPress zinavyohamia Amazon S3

Amazon S3, iliyozinduliwa Machi 2006, ni ghala la mafaili mtandaoni. Picha na video hukaa ndani ya "ndoo", kila moja na anwani yake.

S3 inaunganishwaje na WordPress?

Kwa kawaida WordPress hulundika picha kwenye folda ya wp-content/uploads, na seva hujaa. Programu-jalizi kama WP Offload Media hunakili kila faili jipya kwenye ndoo, kisha hubadilisha viungo ili picha zitoke huko. Programu-jalizi hiyo huifikia ndoo kwa funguo za siri za akaunti ya Amazon; zikivuja, bili humwangukia mwenye akaunti.

Mbona picha hazionekani?

Tangu Aprili 2023, ndoo mpya hufungwa kwa umma tangu mwanzo. Ni salama, ila wengi hukwama hapo.

Gharama

Amazon hutoza hifadhi, na data inayotoka ikizidi kiwango cha bure. Cloudflare R2, ghala jingine la aina hiyo, haitozi data inayotoka.