Mkono wa Mafuta Usifungwe



Mwaka 2016, katika shamba la miwa mashariki ya Uganda nilikokuwa mwakilishi wa chama, karani mmoja wa mashambani alianguka na pikipiki ya kampuni kwenye daraja la mfereji, akavunjika paja. Uongozi ukaandika: uzembe wa dereva. Sababu yao ni kwamba kwenye mkono wa mafuta kilikutwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekazwa sana.

Ujanja ule nilimfundisha mimi. Nilikuwa karani kabla yake, nami nilifunga tyubu miaka mingi. Ukizunguka vitalu tangu alfajiri mpaka jioni kiganja hufa ganzi, na pikipiki zetu zilikuwa nzito mkononi kwa sababu waya wa mafuta haukutiwa oili wala kubadilishwa. Ukifunga tyubu, mkono wa mafuta unakaa pale ulipouacha, nawe unapumzika. Tuliona ni akili.

Pikipiki za kabureta, kama zile za kwetu, hufanya kazi hivi. Ukizungusha mkono wa kulia kuja kwako, waya unainua kizibo ndani ya kabureta, hewa na petroli zinaingia kwa wingi. Ukiachia, springi inakirudisha kizibo chini na injini inatulia. Springi ile ndiyo mlinzi wako. Ukishtuka, ukianguka, ukipigwa na tawi usoni, yenyewe inapunguza mafuta. Ukifunga tyubu umemfunga mlinzi. Utakanyaga breki na injini bado inasukuma. Huko Marekani, tangu 1974 sheria ya viwango inataka mkono wa mafuta wa pikipiki urudi wenyewe ukiachiwa.

Vijana huniambia kwamba pikipiki kubwa za Ulaya zina chombo cha kushika mwendo. Ni kweli. Chombo hicho kwa magari kilibuniwa na Mmarekani kipofu, Ralph Teetor, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1950. Lakini chombo kile hujiachia mara ukigusa breki. Tyubu haijui breki. Na hata chombo chenyewe si cha njia za tope na ng'ombe kama zetu.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, uachie. Lazima urudi mara moja, ta! Jaribu usukani ukiwa umenyooka, kisha umekatwa kushoto, kisha kulia. Halafu washa, iache injini ingurume polepole, ukate usukani pande zote. Mngurumo ukipanda, waya umepitishwa vibaya au umebana. Pikipiki hiyo usiipande, mwite fundi. Ikikukwamia njiani, shika klachi, zima kwa swichi nyekundu iliyo karibu na kidole gumba cha kulia, na shika breki. Swichi hiyo katika pikipiki zetu nyingi ilikuwa imekufa siku nyingi, na hakuna aliyeuliza.

Turudi kwa karani. Kamati ilidai pikipiki ifunguliwe mbele yetu. Fundi alipouchomoa waya, nyuzi zake zilikuwa zimekatika na kukwama ndani ya ganda. Nami nikasimama nikaeleza habari ya tyubu, kwamba tuliifunga kwa sababu ya waya huo mkavu. Meneja akasema, basi, mmekiri wenyewe. Hapo katibu wetu wa tawi akafungua Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000. Inasema fidia hulipwa hata kama mfanyakazi alizembea. (Ndugu wa nchi nyingine, someni sheria zenu, hazifanani.) Tulibishana miezi mitano. Alilipwa, na gereji ikapewa daftari la kuandika kila waya unaobadilishwa.

Karani sasa anafanya kazi kwenye mizani, anachechemea. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba yeye naye alimfundisha kijana aliyekuja nyuma yake. Tukaondoka pamoja, yeye na mkongojo wake, kumtafuta kijana huyo. Tulimkuta gereji akijaza petroli, tyubu ingali imefungwa. Tuliikata kwa kisu.