Fahamu: Kope kuvimba na jicho kutokeza ni mambo mawili tofauti

Kuamka na kope zilizovimba baada ya kulia, kukosa usingizi au kula chumvi nyingi usiku si ugonjwa. Ngozi ya hapo ni nyembamba sana, hivyo maji hujikusanya upesi; kitambaa cha maji baridi kinatosha. Uvimbe unaowasha aghalabu ni mzio.

Kwa mtoto, tuwe waangalifu zaidi. Macho yakivimba kila asubuhi na kupungua jioni, miguu nayo ikajaa na mkojo ukatoa povu, huenda figo zinapoteza protini. Mara nyingi hali hii hudhaniwa kuwa mzio, mtoto akapewa dawa zisizomfaa, ilhali kupima mkojo ni kazi ya dakika chache tu.

Jicho lenyewe likitokeza, kisababishi kikuu kwa watu wazima ni ugonjwa wa Graves: kinga ya mwili huichokoza tezi ya shingo na kuvimbisha misuli na mafuta nyuma ya jicho. Hutibiwa kwa dawa za kutuliza tezi, steroidi na wakati mwingine upasuaji. Sigara huuzidisha, kwa hiyo mvutaji aache kabisa.

Uvimbe ukiambatana na homa, maumivu makali au kuona vitu viwili viwili, nenda hospitali siku hiyo hiyo.