Kazi ya Kulabu kwa Wanaoanza: Kitambaa cha Jikoni Chenye Ukingo wa Makombe

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Methali hii ya pwani yafaa sana kwa kazi ya kufuma kwa kulabu, ambayo wengine huiita kroshia. Anayekiona kitambaa kilichofumwa vizuri, kimeangikwa jikoni na ukingo wake wafanana na makombe ya baharini, hudhani kuwa ni kazi ya mtu aliyezaliwa na kipaji. Sivyo. Kazi hiyo yahitaji uzi, kulabu moja na mishono mitatu tu, na kila mwenye subira aweza kujifunza.

Huko Kwale, tangu Diani hata Msambweni, akina mama hawana sababu ya kuiogopa. Mikono iliyozoea kusuka ukili kwa miyaa imekwisha kujua mambo mawili yaliyo makubwa katika ufumaji, yaani kukaza kwa kiasi na kuhesabu. Ukili uliolegea hautoi mkeka mzuri, na ukili ambao upana wake hubadilika hauungiki vema na mwenziwe. Ndivyo ulivyo uzi pia.

Ufundi huu umewafaa watu wengi katika shida. Nchini Ireland, viazi vilipoharibiwa na ugonjwa kuanzia mwaka 1845 na njaa kuu ikaingia, watawa na mabibi wengine waliwafundisha wanawake kufuma lesi kwa kulabu, na fedha zilizopatikana zikawasaidia kununua chakula. Nchini Kenya, kushona na kufuma kulikuwa miongoni mwa mafunzo ya vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952 chini ya Idara ya Maendeleo ya Jamii ya serikali ya kikoloni. Vitambaa vya kutandika juu ya viti na meza vimekuwa fahari ya nyumba nyingi. Lakini kitambaa cha kiti hutazamwa tu. Cha jikoni hukausha sahani na hufuliwa mara kwa mara. Kwa hiyo chataka uangalifu zaidi.

Vifaa ni hivi: kitambaa cha pamba ambacho, kikiisha kukungwa upindo, kina upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 70, uzi wa pamba, kulabu ya milimita 3, sindano yenye tundu kubwa, mkasi na kipimo cha fundi. Uzi wa sufu haufai, kwa maana hujikunja ukifuliwa kwa maji ya moto. Ule wa plastiki unaofanana na sufu haunyonyi maji vizuri, tena huyeyuka ukikaribia moto.

Kabla ya kukata cho chote, kitambaa na kifuliwe na kuanikwa, kwa sababu pamba mpya hurudi. Uzi wa rangi nao na ulowekwe kipande chake katika maji ya moto, kisha kibanwe katika kitambaa cheupe. Ikiwa rangi yatoka, uzi huo usitumiwe.

Kisha mfumaji hukunga upindo pande zote. Katika upande mmoja mfupi hushona kwa sindano mshono wa blanketi, akiacha nafasi ya sentimita moja baina ya mshono na mshono, hata apate nafasi 45. Nafasi hizo ndizo zitakazopokea kulabu.

Sasa ajifunze mishono mitatu kwa uzi wa majaribio. Wa kwanza ni mnyororo: hutia kitanzi katika kulabu, hupitisha uzi juu yake, kisha huuvuta kupitia kitanzi hicho. Wa pili ni mshono mfupi: hupenyeza kulabu tunduni na kuvuta uzi, vitanzi vikawa viwili, huzungusha uzi tena na kuuvuta kupitia vyote viwili. Wa tatu ni mshono mrefu: huzungusha uzi katika kulabu kwanza, ndipo hupenyeza na kuvuta, vitanzi vikawa vitatu, huzungusha uzi na kuuvuta kupitia viwili, kisha huzungusha tena na kuuvuta kupitia viwili vilivyosalia.

Akiisha kuizoea, hufunga uzi pembeni mwa kitambaa na kufuma mishono mifupi miwili katika kila nafasi, na katika nafasi ya mwisho mitatu. Jumla ni mishono 91. Hapo asimame ahesabu.

Mstari wa pili ndio wa makombe. Hufanya mnyororo mmoja, hugeuza kazi, na kufuma mshono mfupi katika tundu la kwanza. Halafu huruka matundu mawili, hufuma mishono mirefu mitano katika tundu la tatu, huruka mawili tena, na kufuma mshono mfupi katika linalofuata. Hilo ni kombe moja. Akiendelea hivyo atapata makombe 15, na mshono wa mwisho utaangukia tundu la 91. Ukiangukia pengine, hesabu imepotea, na dawa yake ni kufumua. Mwishowe hufuma mnyororo wa vitanzi 20 na kuushona pembeni upande wa juu, uwe kitanzi cha kuangikia.

Wengi wanaoanza huharibikiwa kwa haraka wala si kwa kukosa akili. Mishono ikizidi, ukingo huwa na mawimbi. Ikipungua, kitambaa hukunjamana. Na aliyeacha kufua kwanza huona baada ya dobi wa kwanza kitambaa kimerudi na makombe yamevimba, na kazi ya siku kadhaa imekuwa hasara.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye kuuza. Wageni wa Diani hupenda kurudi kwao na kitu kilichofanywa kwa mkono, nacho kitambaa cha jikoni ni chepesi kuchukulika. Lakini mnunuzi aliyeuziwa kitambaa kinachochuja rangi hamrudii mwuzaji, tena huwaonya wenziwe, na wafumaji wengine wasio na kosa hukosa soko. Yafaa pia kuwa na daftari. Bei ya uzi, bei ya kitambaa, nauli ya kwenda Ukunda na saa zilizotumika, zote na ziandikwe kabla ya kutaja bei. Anayehesabu mishono na kusahau kuhesabu gharama amefanya nusu ya kazi.

Karani au mkulima anayekwenda Mombasa mwisho wa mwezi aweza kumletea mkewe au bintiye kulabu moja na vibonge viwili vya uzi. Kitambaa cha kwanza pengine kitakwenda upande. Na kitumike nyumbani. Cha pili kitakuwa bora. Cha tatu chaweza kuonyeshwa watu.